Kiti cha Chilumba

Siku hizi katika uwanja wa taifa hatushangilii sisi. Vinashangilia viti, kwa sauti zilizonaswa za waliovikalia zamani. Marehemu mume wangu, Chilumba, alibeba zege la jukwaa la mzunguko. Uwanja ulipopanuliwa, waziri akatubomolea nyumba apate maegesho. Sijasahau. Chilumba alimzomea humu uwanjani mpaka yeye mwenyewe akaburutwa nje na walinzi.

Mimi huja kumsikia yeye, si mpira.

Leo waziri yuleyule aliingia. Kiti cha Chilumba kikalipuka: “Mwanaume huyooo! Tubebe, baba!” Ndiyo maneno Chilumba aliyomshangilia nayo kipa wetu siku alipodaka penalti, pamoja na kikohozi chake.

“Shemeji, twende zetu,” akanisihi mdogo wake, Nassibu. “Huyo siyo kaka.”

“Ni yeye,” nikasema. “Kaa. Nyumbani hakuna anayekohoa.”