Chokaa ya Mwaka Mpya

"Paka na nyuma ya kabati," Asnakech alisema. "Hata pasipoonekana."

Wubit akachovya brashi kwenye ndoo ya chokaa, akapaka. Siku hiyo angepaka hata paa, ilimradi asitazamane na jirani yake.

Habari ilikuwa imefika siku nne kabla, kwa simu, kwa mume wa Wubit. Yitbarek, mtoto pekee aliyebaki kwa Asnakech, alikuwa amefia jangwani akielekea Arabuni kutafuta kazi. Wenzake walimzika hukohuko mchangani.

Pale mjini Dejen mzazi hapewi habari kama hiyo njiani wala sokoni. Wazee wa chama cha kuzikana humwendea nyumbani alfajiri, wote kwa pamoja. Lakini Mwaka Mpya ulikuwa mlangoni, na Mzee Chekol, mkuu wa chama, alikata shauri kwamba sikukuu ipite kwanza. Mtaa mzima ukafunga mdomo. Wubit akapewa kazi ya kukaa karibu na yule mama, asije mlevi au mtoto akaropoka.

Basi yeye akapaka, na yule mama akaongea.

Mvua ya miezi mitatu ilikuwa imekatika. Maua ya njano yalikuwa yamefunika mteremko wote mpaka kanisani, na Asnakech alisimama dirishani akiyatazama, ungo mkononi.

"Majira kama haya wanangu walikuwa watatu," alisema. "Wanarudi na maua mikononi, miguu matope matupu, wananichafulia sakafu, nami nawafokea mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nataka nyumba safi. Haya, angalia sasa ilivyo safi."

Wubit alichovya brashi tena. Wale wawili wa kwanza walichukuliwa na homa wangali wadogo, wote katika mwaka uleule.

"Mwaka huu nataka ua uzibwe, mbuzi wa Chekol wananimalizia kabichi. Na mzee wangu Engidaw aende kwa daktari wa macho, hata kwa kuburutwa. Halafu nataka tule sahani moja kila jioni, mimi na yeye. Siku hizi kila mtu anajilia pembeni kama kuku mgonjwa."

"Mtakula, mama."

"Na kile kitanda cha Yitbarek kitolewe. Weka viti mle chumbani."

Brashi ilimponyoka Wubit. Aliinama kuiokota, akauliza bila kuinua kichwa: "Viti vingapi?"

"Vyote utakavyopata. Watu watakuja."

Mzee Engidaw akaingia akipapasa mlango, kofia imekaa upande. Alinusa chokaa, akacheka.

"Mbona mnapaka kama tunaoza binti? Yitbarek akirudi atapita moja kwa moja. Atadhani nyumba ya watu!"

"Kaa ule," Asnakech alimwambia.

"Na yule kondoo mweusi hachinjwi, nimeshasema. Ni wake mwenyewe, akifika tu. Wubit, wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia, baba," Wubit alisema. Alimtazama mama wa watu akiinamia meko, akipuliza moto na kupangusa macho kwa upindo wa shuka yake. Kuni zilikuwa mbichi, zinafuka moshi. Wubit akawaza: huyu mwanamke anapanga viti vya wageni wa furaha, nami ndiye namsaidia kuvipanga. Mungu atanisamehe vipi?

Siku ya sikukuu wasichana wa mtaa walipita nyumba hadi nyumba na mashada ya maua, wakiimba. Walipofika kwa Asnakech, Mzee Engidaw alitoka uani, akapiga makofi na kuimba nao, anakosea maneno, wasichana wanacheka mpaka wanashikana. Asnakech akawagawia mkate wa moto. Halafu akamketisha mumewe mbele ya sahani, akaanza kumlisha kwa mkono wake, kama desturi ilivyo. Tonge la kwanza, la pili. La tano. La sita.

"Mke wangu, unaninenepesha unichinje au nini?"

"Kula tu," alisema. "Kula, Engidaw. Leo kula."

Majirani waliangua kicheko. Wubit akatoka, akaenda nyuma ya ghala, akajiziba mdomo kwa viganja viwili, akalia huko.

Jioni hiyo alimfuata Mzee Chekol. "Mimi siwezi tena. Anafurahi, baba. Anamlisha mumewe. Tukimwambia atakufa."

"Hatakufa," Chekol alisema. Hakusema kwa nini, na uso wake haukuonyesha kama mwenyewe aliamini.

Siku iliyofuata walikwenda. Anga lilikuwa linaanza kuwa jeupe, ukungu umelala juu ya maua. Watu kumi na wawili, shuka mabegani, wanatembea kimya mmoja nyuma ya mwingine, na kasisi katikati. Wubit alikuwa mbele pamoja na wanawake wawili wenye nguvu. Wao ndio wangemshika mama akijitupa chini. Alijaribu kukumbuka maneno aliyofundishwa, akakuta hata moja halimo kichwani.

Walipoingia uani, Mzee Chekol alivua kofia. Akanyanyua mkono agonge.

Mlango ulifunguka kabla hajagusa. Asnakech alikuwa amesimama kizingitini, amevaa gauni jeusi, kichwa kimenyolewa. Akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu usilie.

"Mimi najua tangu mvua haijakatika, mwenzake mmoja alinipigia simu," alinong'ona. "Ingieni mumwambie baba yake, maana mimi nimeshindwa."