Mguu wa Klachi

Goti la kushoto la Mzee Shekalaghe lilichoka kukanyaga klachi kabla mwenyewe hajakubali kwamba amechoka. Mkewe, Bi Namvua, ndiye aliyemwendea tajiri mwenye teksi na kumwombea gari la otomatiki.

“Hili linakula mafuta,” mzee alinung’unika walipokuwa wakilijaribu. “Lile la gia nililibembeleza, halikupoteza hata tone. Nikishindwa na hili, tajiri atampa dereva mwingine gari.”

“Na lile lilikuwa linakula goti lako, baba. Mafuta yanauzwa kila kona. Goti je?”

Walipofika kwenye tuta, mguu wa kushoto ukatafuta klachi kwa mazoea, ukaangukia breki. Gari likasita ghafla. Bi Namvua nusura abusu kioo.

“Umenichoka kiasi hicho?” akacheka.

Mzee hakucheka. “Siwezi, Namvua. Nimezeeka.”

Bi Namvua aliinama, akamvua kiatu cha kushoto taratibu, akakipakata mapajani kama mtoto.

“Mguu huo umestaafu,” alisema. “Uache ulale.”

Wakaondoka. Kwenye mwinuko gari likabadili gia lenyewe, bila kumwomba mzee chochote. Aliutazama mshale wa mafuta, akahema, akatazama mbele. Kando ya njia mwanamke mwenye kikapu alikuwa ameinua mkono, na mguu wa kulia, peke yake, ukaanza kuisogelea breki.