Upande wa Kaskazini

"Ruzuku ya serikali inatosha kuziba kuta za upande mmoja tu wa nyumba zisipitishe baridi," mkaguzi alisema. "Chagueni."

Nuala hakumtazama kaka yake. Tangu wamzike mama yao, waliishi nyumba ile ya Leitrim, Ireland, kama paka na panya.

"Mzibie yeye," kaka alidakia kwa kebehi. "Moyo wake ulishaganda zamani, na mwili usije ukaganda."

Nuala akaingia chumbani kwa kaka, upande wa kaskazini, mara ya kwanza tangu msiba. Akagusa ukuta. Lipu ilibomoka kama mkate uliolowa. Kwenye mto palikuwa na madoa ya damu.

"Unakohoa damu tangu lini, mpumbavu wewe?"

"Yanakuhusu nini?"

"Mkaguzi, zibeni huku," Nuala alisema. "Na wewe hamia chumbani kwangu leo, mpaka kazi iishe."

"Nawe utalala wapi?"

"Hapa. Funga mdomo."