Harufu Iliyo Chini ya Maua

Kitinda alikiweka kile kijikaratasi chini ya pua, na wenzake walipovirudisha vyao mezani, yeye hakukirudisha.

Walikuwa wanawake kadhaa kwenye meza ndefu ya jumba la mitindo, kila mmoja na kijikaratasi kilichochovywa marashi mapya ya kike ambayo yalikuwa bado hayana jina. Kazi yao ilikuwa kunusa na kusema wanachokisikia. Msusi alisikia waridi. Karani wa benki alisikia waridi na ndimu, tena za watu wenye nafasi.

"Mimi nasikia mume wa mtu," alisema muuguzi, na wote wakacheka isipokuwa Kitinda.

"Na wewe?" aliuliza mwanamke mwenye koti jeupe aliyesimamia shughuli hiyo.

"Maua yapo," alisema Kitinda. "Lakini chini yake kuna wanga wa nguo, umenyunyiziwa maji, halafu pasi ya mkaa ikapita juu yake. Na sabuni ya kipande."

Wengine walinusa tena, wakatazamana. Hawakusikia cha wanga wala cha mkaa.

Kitinda hakuwa anapiga chuku. Harufu hiyo aliijua kabla hajajua kutembea. Ilikuwa ya mama yake, dobi, aliyewalea mabinti wawili kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Yeye, kitindamimba, alibaki na pasi ya mama na jina la utani. Mkubwa aliondoka na mkasi, akashona, akang'ara, na sasa jumba hili lote lilikuwa lake, pamoja na yale magauni ya kwenye vioo ambayo bei yake haiandikwi.

Ila dada huyo akihojiwa, hana mama dobi. Ana mama aliyepanda maua na kupiga kinanda. Mama mwenyewe aliyasikia hayo redioni huku akikunja mashuka ya watu. Alizima redio, akaendelea kukunja. Alipofariki, dada alituma shada kubwa kuliko jeneza, mwenyewe hakuja. Kitinda alimchukia kwa hilo, ile chuki ya ndugu isiyokufa kwa sababu mapenzi nayo yamegoma kufa. Alitaka jambo moja tu duniani: dada yake aseme, hata mara moja, kwamba wao ni watoto wa yule mama.

Ndipo juzi simu ikapigwa. Madam anamwomba aje kunusa. Yeye hasa, si mtu mwingine.

Wenzake waliporuhusiwa kwenda, mwenye koti alimwomba abaki.

"Ni kweli yeye ndiye aliyesema niitwe?" Kitinda aliuliza.

"Alisisitiza. Alisema hata wote wakikosa, wewe usikose."

"Na yeye ameshayanusa?"

"Siku ya kwanza kabisa. Alitoka chumbani, akajifungia ofisini mpaka jioni."

Kitinda alikinusa tena kijikaratasi chake. Mwacha asili ni mtumwa: ndivyo alivyozoea kumsema dada yake kwa majirani, na sasa aliona haya. Kumbe mtu anaweza kukaa na mama yake moyoni miaka yote hiyo, akakosa tu mdomo wa kumtaja. Wengine husema, wengine hulia, na dada yake, aliyekuwa mgumu tangu utotoni, alikuwa amemtia mama kwenye chupa.

Mwenye koti alileta kijikaratasi cha pili. "Na hiki je?"

Kitinda alifumba macho. Harufu ilikuwa imefifia, maua yameifunika, ila haikuwa imekwenda popote.

"Yupo," alisema.

"Una uhakika?"

"Mdogo wangu, harufu hiyo nimeilalia utoto wangu wote."

Cha tatu, mtu mwingine yeyote angesema ni maua matupu. Kitinda alikivuta puani polepole, akasubiri. Waridi lilipopita, wanga ukaja, mwembamba kama uzi, na nyuma yake mvuke, na ule mkono wenye malengelenge uliokuwa ukimfunika shuka usiku. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Bado yupo."

Mwenye koti alishusha pumzi ndefu, akaufunika uso kwa kiganja. Kitinda alimwonea huruma. Alidhani naye amemkumbuka mama yake.

"Nipelekee ujumbe," alimwambia. "Mwambie dada nimemsikia mama, mara zote tatu. Mwambie yale maneno niliyomtolea kwa simu wakati wa msiba nayafuta, na yeye asiyaweke moyoni. Nina ombi moja tu. Marashi haya ayape jina la mama."

Mwenye koti alitoka na simu yake. Kupitia kioo cha mlango alionekana akizungumza, akiitikia kwa kichwa, akimtupia Kitinda jicho la pembeni. Kitinda alijipangusa uso, akanyoosha gauni mapajani. Huenda dada angeshuka mwenyewe, na hakutaka wakutane amekunjamana.

Mlango ulifunguka. Mwenye koti alikuwa peke yake.

"Anakushukuru sana," alisema, akianza kukusanya vijikaratasi. "Anaomba urudi wiki ijayo, na nyingine pia ikibidi. Sisi tutaendelea kuipunguza hiyo harufu ya wanga. Amesema marashi hayatoki hapa mpaka siku ambayo hata wewe utanusa usisikie kitu."