Kadi ya Mgonjwa

Tabibu wa mitishamba ya Kichina aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wa mwalimu, akamuuliza kama analala vizuri.

"Halali," alijibu mumewe aliyeketi kando yake. "Hata mimi silali."

Tangu hedhi yake ikome, mwalimu alikuwa akiamka kila siku na huzuni iliyomkalia kifuani. Leo alikuja kuieleza kwa mara ya kwanza.

"Anakula?"

"Anadonoadonoa kama kuku mgonjwa, daktari."

"Analia?"

"Alie kwa lipi? Ana nyumba, ana watoto, ana mimi!" Mume alicheka. "Wewe mchemshie mizizi ya kumfunga mdomo, basi."

Tabibu aliandika kwenye kadi ya mgonjwa. Jasho la moto lilimshuka mwalimu kutoka shingoni hadi kiunoni. Aliitazama kadi yake: ilikuwa imejaa, na hapakuwa na neno lake hata moja. Alichomoa mkono, akaichukua, akaichana vipande viwili.

"Mama watoto, usiniaibishe mbele za watu!"

"Mlango ule pale, baba watoto. Nisubiri nje."

Kisha akamgeukia tabibu.

"Ndiyo, nalia. Andika hilo kwanza."