Nguzo ya Katikati

Mwenye ukumbi hakutaka nguzo katikati. Mhandisi Tunu aliiuliza akili mnemba kama nguzo inaweza kuondolewa, ikamjibu haiwezi. Akabadilisha maneno ya swali, akayabadilisha tena, mpaka ikakubali. Nguzo ikaondolewa.

Siku ya harusi ya kwanza ukumbi ulifurika. Ngoma zilipopamba moto, vumbi laini la plasta likadondokea sinia la pilau. Tunu akatoa simu, akaandika swali lake la mwanzo, neno kwa neno. Jibu likarudi lilelile la kwanza: haiwezi.

"Mwanangu, mbona huketi?" mama wa bwana harusi akamuuliza. "Umesimama hapo katikati tangu tuingie."

Tunu alitaka kumwambia watoke. Lakini mikono yake ilikuwa tayari inapanda taratibu, viganja vikielekea darini, pale nguzo ilipokuwa imeshika.