Hina Nyuma ya Pazia

Mwanakheri alitoka hospitali moja kwa moja hadi chumba cha ndani, alikomficha mama yake miezi saba. Bi Rukia alikuwa mchora hina wa mji mzima, hadi mkono ulipoanza kutetemeka akamharibia bibi harusi maua. Tangu hapo, wateja wakimuulizia, binti aliwajibu, "Mama kasafiri." Kilichowatenga wateja na mama ni pazia tu, naye alisikia kila mara.

"Daktari kasemaje?" aliuliza Bi Rukia.

"Kasema ndani ya seli kuna kimeng'enya cha kupitisha ujumbe. Chako kinafanya kazi kupita kiasi, hakijui kutulia, ndicho kinachokutetemesha mkono. Umezaliwa nacho." Mwanakheri aliinamisha macho kwenye mkeka. "Wamenipima na mimi. Ninacho hichohicho. Huenda nikaugua, huenda nisiugue."

"Maskini mwanangu. Nisamehe."

Angetukanwa, angevumilia. Kuombwa msamaha na mtu ambaye yeye mwenyewe alimkana mchana kweupe kulimfanya atamani ardhi ipasuke immeze. Alichukua koni ya hina, akamwekea mama yake kiganjani, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Nichore, mama."

"Nitakuharibu."

"Nichore tu."

Shina la ua lilienda upogo, majani yakapandana. Bi Rukia alikuwa ameuma mdomo, akimalizia jani la mwisho, walipomsikia mteja mlangoni.

"Hodi humu! Bi Rukia hajarudi tu safari?"

Mwanakheri akainuka na hina yake mbichi, akalishika pazia kwa mkono uleule, akalifungua wazi.